Kocha Hana Bunduki

Vitabu vinavyonadi siri za makocha wakuu wa michezo vimekuwa bidhaa ya kudumu katika semina za mameneja na maofisa wa serikali, na karibu vyote vina kasoro ileile: hukusanya maneno ambayo kocha aliwaambia wachezaji wake katika chumba cha kubadilishia nguo, vikayageuza kuwa kanuni za uongozi, na kuiacha nje hali iliyoyapa maneno hayo uzito. Alex Ferguson, aliyeifundisha Manchester United tangu Novemba 1986 hadi 2013, hutajwa humo kwa ukali wake na kwa wingi wa makombe yake, lakini ni nadra kuelezwa kwamba kombe la kwanza alilipata mwaka 1990, baada ya misimu ambayo sehemu ya mashabiki ilitaka aondolewe, na kwamba katika misimu hiyo yote alilazimika kusimama mbele ya watu walewale kila wiki akiwa na orodha mpya ya majina kumi na moja. Orodha hiyo, inayoitwa kikosi cha kwanza, ndiyo kiini cha kazi ya ukocha. Hutangazwa kabla ya mchezo, wakati matokeo hayajulikani. Kila mtazamaji huweza kuisoma, kuipinga na kuikumbuka. Na baada ya dakika 90 aliyeipanga hana pa kuificha.

Jambo hilo lina uzito wa pekee linapotazamwa kutoka Salamabila, mji mdogo wa teritwari ya Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, ambako dhahabu ya Namoya na kilimo ndivyo vinavyowalisha watu, na ambako mamlaka hujitokeza kwa sura tatu. Ya kwanza ni ya serikali, inayowakilishwa na msimamizi wa teritwari, ambaye huteuliwa kutoka Kinshasa na hachaguliwi na wale anaowasimamia. Ya pili ni ya fedha: katika machimbo ya Kongo ya mashariki yule anayegharimia shimo na kuwalisha wachimbaji hadi mawe yatoke huitwa PDG, kana kwamba ni mkurugenzi wa kampuni kubwa, na neno lake ndilo linaloamua nani atashuka na nani atabaki juu. Ya tatu ni ya bunduki, kwa kuwa tangu kampuni ya Banro ilipojenga mgodi wa Namoya na wachimbaji wadogo kuondolewa katika sehemu za eneo hilo, malalamiko yao yamechanganyika na harakati za wapiganaji wanaojulikana kwa jina la Mai-Mai Malaika, na wakazi wamelazimika zaidi ya mara moja kuhama makwao kukwepa mapigano kati ya wapiganaji hao na jeshi. Mamlaka hizo tatu hazilingani kwa uhalali wala kwa madhara, na haingekuwa haki kuziweka katika kapu moja. Hata hivyo zinafanana kwa hili, kwamba hakuna hata moja inayobandika ukutani orodha ya iliowachagua, ikangoja kuhukumiwa nayo kabla ya jua kuzama.

Kocha, kwa upande wake, hana hazina, hana mahabusu na hana bunduki. Hawezi kuingia uwanjani kucheza mahali pa mtu aliyemchagua vibaya, na mchezaji asiyetaka kukimbia hawezi kukimbizwa kwa nguvu. Adhabu kubwa iliyo mikononi mwa kocha ni kumweka benchi, yaani kumkalisha miongoni mwa wachezaji wa akiba, na hata adhabu hiyo inatolewa mbele ya macho ya uwanja mzima. Uongozi wa namna hiyo husimama juu ya jambo moja tu, nalo ni imani ya wanaoongozwa kwamba aliyewapanga alikuwa na sababu ambayo ingekuwa hiyohiyo hata kama majina yangebadilika.

Florent Ibenge alilithibitisha jambo hilo katika mazingira ambayo kocha mwenye busara ya kawaida angeyakimbia. Alipokabidhiwa timu ya taifa ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2014, alikuwa bado kocha wa AS Vita Club ya Kinshasa, klabu ambayo rais wake wakati huo alikuwa jenerali wa jeshi, na akaendelea kuzishika kazi zote mbili kwa pamoja. Hasimu mkubwa wa Vita ni TP Mazembe ya Lubumbashi, klabu iliyoanzishwa mwaka 1939, ambayo mwaka 2010 ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Uhasimu huo hauishii kwenye mpira, maana nyuma yake kuna Kinshasa na Katanga, Kilingala na Kiswahili, magharibi inayotawala na mashariki inayochimba. Kila jina ambalo Ibenge aliliandika au kuliacha lilipimwa kwa mizani hiyo, na ingekuwa rahisi kwake kujikinga kwa kugawa nafasi nusu kwa nusu, kama mawaziri wanavyogawiwa katika serikali za umoja. Hakufanya hivyo. Lango alimwachia Robert Kidiaba wa Mazembe, na katika safu ya ulinzi akampa nafasi Joël Kimwaki, naye wa Mazembe.

Matokeo ya uchaguzi huo yalionekana mjini Bata, Guinea ya Ikweta, tarehe 31 Januari 2015, katika robo fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika dhidi ya Kongo-Brazzaville, timu iliyokuwa ikiongozwa na Claude Le Roy, Mfaransa ambaye kabla ya hapo alikuwa ameifundisha Kongo ya Kinshasa yenyewe na kuyajua madhaifu yake. Hadi dakika ya 62 Brazzaville walikuwa mbele kwa mabao mawili bila jibu. Dakika ya 65 Dieumerci Mbokani alirudisha moja. Dakika ya 75 Jeremy Bokila akasawazisha. Dakika ya 81 Kimwaki, beki, akaongeza la tatu. Na dakika za mwisho Mbokani akafunga la nne. Waandishi wengi walieleza mabadiliko hayo kwa kusema kwamba kocha aliwatia wachezaji moyo, maelezo ambayo hayakosei sana ila hayaelezi chochote, kwa sababu moyo hautiwi dakika ya 62 kama mafuta katika taa iliyokaribia kuzimika. Beki wa Mazembe aliyeacha nafasi yake ya ulinzi na kupanda kutafuta bao kwa ajili ya kocha wa Vita alikuwa ameshaamua jambo hilo majuma kadhaa kabla, siku alipoliona jina lake katika orodha na kutambua kwamba halikuwekwa kwa kumpendelea wala kwa kumwogopa mtu. Timu hiyo ilimaliza ya tatu, na mwaka uliofuata, tarehe 7 Februari 2016 mjini Kigali, Ibenge akatwaa ubingwa wa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao wenyewe, kwa kuifunga Mali 3–0.

Katika safari ile ya 2015 kuna jambo linalosahauliwa, pengine kwa kuwa halina shamrashamra. Timu ya Ibenge ilivuka hatua ya makundi bila kushinda mchezo hata mmoja, kwa sare tatu dhidi ya Zambia, Cape Verde na Tunisia. Miaka tisa baadaye nchini Côte d'Ivoire, katika mashindano yaliyopewa jina la 2023 ingawa yalichezwa Januari na Februari 2024, timu ya Sébastien Desabre ilipita njia ileile: sare ya bao moja kwa moja na Zambia, sare kama hiyo na Moroko, na sare tasa na Tanzania, ambayo Watanzania wanaikumbuka kwa uchungu kwa kuwa ndiyo iliyowarudisha nyumbani. Katika hatua ya mtoano Misri nayo ikatoka sare ya 1–1, ikaondolewa kwa mikwaju ya penalti 8–7, mkwaju wa mwisho ukipigwa na kipa Lionel Mpasi. Ni katika robo fainali pekee, dhidi ya Guinea, ndipo Kongo iliposhinda ndani ya dakika 90, kwa mabao 3–1, na hivyo ikafika nusu fainali ikiwa na ushindi mmoja tu wa kawaida.

Mtazamaji mwenye haraka huona hapo bahati, na bahati haikukosekana. Lakini kukubali sare ni ujuzi wa uongozi ambao semina haziufundishi, kwa sababu kiongozi anayekubali pointi moja leo hana cha kuwaonyesha waliomwajiri isipokuwa ahadi kwamba timu haijavunjika. Desabre, Mfaransa aliyekuwa ameifundisha Uganda kati ya 2017 na 2019, alichukua timu hiyo Agosti 2022 kutoka kwa Héctor Cúper wa Argentina, ambaye alikuwa amepoteza michezo miwili ya mwanzo ya kufuzu, dhidi ya Gabon na Sudan. Alikuta kikosi ambacho baadhi ya wachezaji walizaliwa Kinshasa na wengine Ufaransa, Ubelgiji au Uswisi, wasiokula chakula kimoja wala kucheka mzaha mmoja, na akakijenga kuanzia nyuma, kwenye ulinzi, mahali ambapo watu wasiofahamiana vizuri wanaweza kuanza kuelewana. Matunda yake yaliendelea kuonekana Novemba 2025 nchini Moroko, Kongo ilipoitoa Cameroon kwa bao la dakika za nyongeza la nahodha Chancel Mbemba, kisha Nigeria kwa penalti, katika mbio za kuwania Kombe la Dunia.

Ugeni wa Desabre unastahili neno, kwani ubingwa wa Afrika ambao Kongo imeupata mara mbili, mwaka 1968 na 1974, uliletwa na makocha wa kigeni, Ferenc Csanádi wa Hungaria na Blagoje Vidinić wa Yugoslavia. Kiongozi kutoka mbali si jambo geni Kabambare pia, ambako ofisa huletwa kutoka jimbo lingine, akaondoka kabla hajaimaliza misimu miwili ya mvua. Kenya inatoa mfano wa namna ugeni unavyoweza kugeuka faida: Colm O'Connell, mtawa wa Ireland, alifika Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya Mtakatifu Patrick, bila elimu yoyote ya riadha, na kwa kuwa hakuwa na la kuwafundisha wakimbiaji alianza kwa kuwatazama na kuwauliza. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 mjini London tarehe 9 Agosti 2012, rekodi ya dunia. Yapo maofisa wengi wanaojua kuamuru tangu siku ya kwanza. Wenye subira ya kutazama ni wachache, na O'Connell, ikumbukwe, alikaa.

Vidinić ndiye anayefundisha zaidi, kwa kuwa ndiye aliyeanguka. Machi 1974 timu yake, iliyoitwa Zaire wakati huo, ilitwaa ubingwa wa Afrika mjini Cairo baada ya fainali kurudiwa dhidi ya Zambia, na mabao yote manne ya Zaire katika fainali hizo mbili yalifungwa na Ndaye Mulamba, aliyemaliza mashindano na mabao tisa, idadi ambayo haijafikiwa na mtu mwingine katika mashindano mamoja. Miezi mitatu baadaye timu hiyohiyo, ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia, ilikuwa Ujerumani Magharibi, ikafungwa 2–0 na Scotland bila aibu yoyote. Kisha wachezaji wakapata habari kwamba bonasi, yaani malipo ya ziada waliyoahidiwa, hazingewafikia, kwa kuwa fedha zilikuwa zimeishia mikononi mwa maofisa waliofuatana nao. Walifikiria kugoma. Tarehe 18 Juni mjini Gelsenkirchen waliingia uwanjani dhidi ya Yugoslavia, nchi aliyozaliwa kocha wao, na baada ya kufungwa mabao matatu ya haraka, katika dakika ya 21, Vidinić akamtoa kipa Kazadi, mmoja wa makipa bora wa bara la Afrika, na kumwingiza Tubilandu, mfupi wa kimo. Punde Ndaye Mulamba akatolewa kwa kadi nyekundu kwa kosa la mwenzake, Ilunga Mwepu, kwa kuwa mwamuzi aliwachanganya. Mchezo uliisha 9–0.

Badiliko lile la kipa halikupata maelezo yaliyoridhisha watu wote, na minong'ono iliyoenea kwa miongo ni kwamba amri ilitoka kwa wakubwa waliokuwa jukwaani. Iwe ilitoka huko au kichwani mwa kocha, madhara kwa timu yalikuwa yaleyale, maana wachezaji waliokuwa wameshadhulumiwa na viongozi wao waliona uamuzi usioelezeka ukifanywa na mtu pekee waliyekuwa bado wanamwamini. Kabla ya mchezo wa mwisho dhidi ya Brazil, kama Mwepu mwenyewe alivyosimulia miaka mingi baadaye, walinzi wa Rais Mobutu walikuja kuwaonya kwamba wakifungwa zaidi ya mabao matatu wasirudi nyumbani, wakafungwa matatu. Kitabu cha uongozi kinachosema kwamba kocha bora hushinda hali yoyote kingepata taabu kuieleza timu hii, iliyokuwa bingwa Machi na kichekesho Juni, ikiwa na kocha yuleyule na karibu wachezaji walewale. Kilichobadilika ni kwamba mnyororo wa ahadi ulikatika juu ya kocha, na bunduki ikaingia mahali ambapo palipaswa kuwa na orodha.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa, na kuna timu ambazo hazina kwao pa kuchezea. Baada ya kuondoka Vita mwaka 2021, Ibenge aliifundisha RS Berkane ya Moroko na kushinda nayo Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2022, kisha akaenda Al Hilal ya Omdurman. Aprili 2023 vita vilizuka Sudan, ligi ikasimama, na klabu ikawa mhamaji: kwanza ilipokea wageni wake wa mashindano ya Afrika mjini Dar es Salaam, kisha Nouakchott, ambako msimu wa 2024–25 ilicheza kama mgeni katika ligi ya Mauritania na kumaliza ikiwa kileleni. Wachezaji wake walikuwa na ndugu waliokuwa wakikimbia mji hadi mji, na hali hiyo haihitaji kufafanuliwa kwa msomaji wa Salamabila. Tarehe 26 Novemba 2024 timu hiyo iliingia Dar es Salaam na kuwafunga Young Africans 2–0, na mwishoni ikaongoza kundi lake juu ya MC Alger, Young Africans na TP Mazembe.

Siku hiyohiyo ya Novemba, upande mwingine wa bara, AS Maniema Union ya Kindu ilicheza mchezo wake wa kwanza kabisa katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa, mjini Pretoria, dhidi ya Mamelodi Sundowns, klabu yenye bajeti ambayo jimbo zima la Maniema lingeitamani. Timu ya kocha Papy Kimoto ililinda lango lake dakika 90 na kuondoka na sare tasa. Nayo haikuwa na kwao: michezo ya nyumbani ililazimika kuchezwa Kinshasa, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Kindu, mbele ya mashabiki ambao wengi wao ni wa Vita au wa Motema Pembe. Ilimaliza mkiani mwa kundi, kama ilivyotarajiwa, na makocha wa mkiani hawaandikiwi vitabu. Hata hivyo, kwa anayetafuta mfano wa kufuata katika mji usio na umeme wa uhakika wala barabara ya mwaka mzima, sare ile ya Pretoria ina manufaa kuliko makombe ya Ferguson.

Kuna pingamizi moja lenye nguvu dhidi ya hoja hii yote. Kocha anaweza kuongoza bila nguvu kwa sababu mchezo una mwamuzi, mistari ya chokaa na saa, na anayevunja sheria hutolewa hata kama ndiye mfungaji bora. Katika teritwari ya Kabambare mwenye bunduki hujipigia filimbi mwenyewe, na mtu anayetawala bila silaha mahali pasipo na mwamuzi anaweza asionekane kiongozi bali mawindo. Pingamizi hilo ni la kweli. Wachezaji wa Desabre walilielewa kuliko wanasemina, kwani tarehe 7 Februari 2024 mjini Abidjan, wimbo wa taifa ukipigwa kabla ya nusu fainali dhidi ya Côte d'Ivoire, waliziba midomo kwa kiganja cha mkono mmoja na kwa mkono wa pili wakaelekeza vidole viwili kwenye panja, mfano wa bastola, ili dunia iliyokuwa ikitazama mpira iitazame pia mashariki ya Kongo. Walifungwa 1–0 usiku huo, na ishara ile haikunyamazisha bunduki hata moja.

Lakini pingamizi linagusa nusu tu ya jambo. Ukosefu wa mwamuzi unaeleza kwa nini mwenye bunduki hahojiwi. Hauelezi kwa nini ofisa asiye na bunduki, anayelipwa na serikali, naye hahojiwi. Cúper alipoondolewa mwaka 2022, kila kijana anayefuatilia mpira katika machimbo ya Namoya aliweza kutaja sababu: bao moja la Gabon mjini Kinshasa, mawili ya Sudan, na majina ya waliopangwa siku hizo. Wasimamizi wa teritwari huteuliwa na kuondolewa kwa amri ya rais inayosomwa kwenye televisheni ya taifa, jina baada ya jina, jimbo baada ya jimbo, na anayesikiliza kutoka Salamabila hupata jina la anayekuja, bila kuambiwa anayeondoka alifungwa na nani.